Kesi za uchochezi huangukia kwenye ushahidi

Mhariri,

Uchaguzi ukinukia, husikika wito kwamba adhabu za wachochezi ziongezwe. Adhabu zipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua Wakenya zaidi ya 1,100, inampa mchochezi faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hiki ni kifungu cha 13. Kifungu cha 62 kinafika miaka 5. Kesi huangukia kwenye rekodi ya hotuba inayoletwa mahakamani.

Video iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp huwa imekatwa, na aliyeirekodi hajulikani. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoitambulisha rekodi, kinachoeleza ilivyopatikana na kifaa kilichotumika, chenye saini ya mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho. Kwa hiyo mpelelezi amtafute mrekodi siku ile ile, aihifadhi simu au kamera yenyewe, na achukue hotuba nzima. Vipande vya sekunde 30 havitoshi, maana kifungu cha 13 kinapima mazingira yote ya maneno.

Lugha nayo huponza. Maneno yaandikwe kwenye hati ya mashtaka kama yalivyotamkwa, hata kama ni Kikalenjin au Kikuyu, kisha ifuate tafsiri, na mtafsiri awe tayari kuhojiwa kizimbani. Ukifungua kamusi, "madoadoa" hayana ubaya wowote. Aliyeishi Bonde la Ufa mwaka 1992 anajua kwamba walioitwa hivyo, watu wa makabila yaliyoonwa kuwa ya wageni, walifukuzwa na kuuawa, na shahidi wa namna hiyo ni lazima aitwe.

Kuna pengo ambalo upelelezi hauwezi kuliziba. Kifungu cha 13 kinafafanua chuki kwa rangi, uraia, kabila au asili ya mtu. Dini haimo, ilhali Katiba, vifungu vya 33 na 27, inaihesabu. Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 wa basi waliuawa baada ya kutenganishwa na wenzao kwa misingi ya dini. Anayehubiri utengano huo jukwaani astahili kushtakiwa chini ya kifungu kile kile kinachomshika mchochezi wa kikabila.

Wabunge waongeze neno "dini" kwenye kifungu cha 13(2) kabla ya kampeni za uchaguzi wa Agosti 2027 kuanza. Marekebisho hayo hayazidi mstari mmoja.

Mfuatiliaji wa sheria za uchochezi,
Nakuru