Crohn na kolaitisi sio ugonjwa mmoja

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua kuhusu ile makala yenu ya afya ya magonjwa ya utumbo. Kwanza hongereni kwa kuyagusa, maana huku mtaani mtu akiharisha damu anaambiwa amiba, akirudi anaambiwa taifodi, akirudi tena ni vidonda vya tumbo, anapewa dawa za kupunguza asidi anaenda zake. Ila pale mlipoandika kwamba Crohn na kolaitisi ya vidonda, yale magonjwa ya muda mrefu yanayovimbisha utumbo, ni ugonjwa uleule wenye majina mawili, hapo mmetuacha njia panda. Mdogo wangu anaishi na Crohn ndo maana nafuatilia haya mambo.

Ukiangalia ndani ya utumbo kwa kamera tu tofauti ipo. Kolaitisi inakaa utumbo mpana peke yake, inaanzia chini kabisa kwenye rektamu, pale mwisho karibu na njia ya haja kubwa, inapanda bila kuruka sehemu, na inakula utando wa ndani tu. Crohn inaweza kutokea popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa, inaruka ruka, inapenya unene wote wa utumbo mpaka mwingine anapata fistula, yaani tundu linalotoboka kutoka kwenye utumbo kwenda kiungo kingine au nje ya ngozi. Kasheshe inaanza Crohn ikiamua kukaa utumbo mpana tu, hapo hata daktari mzoefu anaweza akakwama, na kuna wagonjwa kama 1 kati ya 10 wenye ugonjwa wa utumbo mpana wanabaki hawajulikani wako upande gani.

Hapo ndo jeni zinaingia, na sizungumzii kurithi tu kama wengi wanavyodhani. Seli zote za mwili zina jeni zilezile, ni kama darasa zima wana kitabu kimoja ila kila mtu kafungua ukurasa wake. Watafiti wanachukua kinyama kidogo cha utumbo wanapima RNA, yaani nakala ambazo jeni inatoa ikiwa kazini, wanaona jeni ipi inachapa kazi na ipi imelala. Nyingi zinafanana kwa magonjwa yote mawili, hilo tusifiche. Jeni za S100A8 na S100A9 zinapanda kote kote, na ndo maana kile kipimo cha choo cha kalprotektini, protini inayotokana na jeni hizo mbili, kinakwambia utumbo umevimba lakini hakikwambii ni kwa Crohn au kwa kolaitisi.

Jeni inayonivutia mimi ni DEFA5. Kawaida inafanya kazi kwenye seli za Paneth, zile zilizojificha chini kwenye vishimo vya utumbo mwembamba, inatengeneza difensini ambayo ni silaha ya mwili yenyewe ya kuua bakteria. Kwa mgonjwa mwenye Crohn ya mwisho wa utumbo mwembamba inashuka, silaha zinapungua. Sasa watafiti wa chuo cha Meharry kule Nashville, Marekani, mwaka 2017 wakaonyesha kwamba kwenye utumbo mpana wa wenye Crohn jeni hiyohiyo ipo kwa wingi kuliko kwa wenye kolaitisi, na utumbo mpana wala sio makazi yake! Huku inashuka kule inapanda, ugonjwa uleule. Bado sio kipimo utakachokikuta hospitali lakini ndo vitu vya kuwaandikia wasomaji.

Na msiseme hayo ni ya maabara tu. Mwenye kolaitisi dawa zikishindwa anaweza kutolewa utumbo mpana wote, halafu anatengenezewa kifuko kutokana na utumbo mwembamba ili aendelee kujisaidia kwa njia ya kawaida. Ikija kugundulika baadae kwamba kumbe ilikuwa Crohn, ugonjwa unaweza kuingia kwenye kifuko chenyewe, fistula, usaha, wengine wanaishia kutolewa na hicho kifuko wavae mfuko tumboni maisha yao yote. Mtu akatwe utumbo kwa jina la ugonjwa ambao hana?

Kingine, jeni maarufu ya Crohn inaitwa NOD2, ilitangazwa 2001 na watafiti wa Ufaransa na Marekani, ikiwa na mabadiliko fulani inaongeza hatari ya Crohn lakini sio ya kolaitisi. Ila mabadiliko yake yale makubwa yalionekana kwa watu wenye asili ya Ulaya, walipowapima Wajapani wenye Crohn hawakuyakuta, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni adimu. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ukipimwa mabadiliko ya NOD2 hapa Dar yakakosekana basi huna Crohn.

Na kwetu huku kuna wa tatu ambaye makala haikumtaja kabisa, TB ya utumbo. Inapenda palepale mwisho wa utumbo mwembamba kama Crohn, inakondesha kama Crohn, hata kwenye kinyama zinaweza kufanana. Halafu dawa za Crohn kama infliximab zinazuia TNF, protini ya kinga inayochochea uvimbe, na TNF ndo inasaidia mwili kuifungia TB isitoke, sasa mpe mwenye TB dawa hiyo uone itakavyosambaa. Mdogo wangu alipimwa TB kwanza kabla ya kuanzishiwa dawa na nilimuona daktari mkali sana kwenye hilo, tena alikuwa sahihi.

Mkiandika tena naomba mtafute daktari wa mfumo wa chakula na mtu wa maabara ya patholojia muwahoji pamoja, na TB iwe kwenye swali la kwanza.

Ni mimi msomaji wenu,
Mbezi, Dar es Salaam