Risala ya wanakikundi wa darasa la jioni kwa Mgeni Rasmi, Ifakara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wetu wa dini, walimu wanaojitolea, wazazi na wageni waalikwa, itifaki ikiwa imezingatiwa: Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuja mwenyewe, tena kwa saa tuliyoandika kwenye barua. Vijana hawa tunawafundisha kuheshimu muda, na wameona. Huko nyuma tuliwahi kupokea wawakilishi saa nane kwa shughuli ya saa nne, na wanafunzi wakatuuliza maswali tuliyoshindwa kuyajibu.

Mheshimiwa, historia yetu ni fupi. Kikundi kimezaliwa ndani ya kikoba cha waendesha bodaboda, mama lishe, wauza mitumba na vijana wa mashine za kukoboa mpunga. Tulikopeshana vizuri na kurejesha vizuri, lakini wengi hatukuweza kueleza faida ilikwenda wapi. Tulipokaa kuchunguzana tukaona shida haikuwa mtaji. Shida ilikuwa mazoea: kuchanganya fedha ya biashara na ya nyumbani, kubeti jioni, kuchelewa kijiweni, kumjibu mteja kwa hasira. Tukaanzisha darasa la jioni, mara mbili kwa wiki. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nasi tunajihesabu kuwa wajukuu wa kazi ile.

Mafanikio ni makubwa. Kila mwanakikundi ana daftari la siku, anaandika kilichoingia, kilichotoka na alichokusudia kufanya kesho. Akiba inawekwa asubuhi, kabla ya matumizi, badala ya kusubiri kitakachobaki. Dereva wetu mmoja aliyekuwa akipeleka hesabu kwa tajiri kila jioni sasa anaendesha pikipiki yake mwenyewe. Wapo waliofanya mtihani wa maarifa, ule wa QT unaomfungulia mlango asiyepitia sekondari, na sasa wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Kubeti kumepungua kwa kiwango ambacho hata wake zetu wanakiri. Tunaamini hakuna kikundi katika kata hii kilichobadilisha maisha ya watu kwa haraka namna hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize katika jambo moja tu.

Darasa hili halina jengo. Tunasomea kwenye banda la samaki baada ya soko kufungwa, kwa mwanga wa simu, juu ya meza tulizoosha wenyewe. Harufu tumeizoea. Tusichoweza kukizoea ni mvua. Masika ikianza mwezi wa tatu banda linavuja kila upande, madaftari yanalowa, na darasa linasimama mpaka mwezi wa tano au wa sita.

Mtu wa nje anaweza kudhani miezi miwili mitatu ni mapumziko mafupi. Kwetu sisi ndiyo hasara yenyewe. Tabia njema haikai kwa mtu kwa sababu ameisikia mara moja na kupiga makofi. Inakaa kwa kurudiwa, saa ileile, mahali palepale, mbele ya wenzake watakaomuuliza daftari liko wapi. Asipoulizwa wiki ya kwanza anaandika mwenyewe. Wiki ya pili anaandika nusu. Mwezi ukiisha daftari liko chini ya godoro. Mama lishe wetu mmoja alikuwa ameshatenganisha fedha ya genge na ya nyumbani mpaka akaongeza sufuria na meza. Darasa liliposimama kwa mvua akaanza kuchota kidogo kidogo kwa ajili ya nyumbani, na tuliporudi mtaji ulikuwa umekwisha. Ni mchapakazi kuliko wengi wetu. Kila masika tunapoteza watu wa namna hiyo, na kila kiangazi tunaanza nao upya.

Hatukukaa tukisubiri kusaidiwa. Mtaa ulitupa kiwanja, tukafyatua tofali, tukazichoma, tukajenga boma la mita 12 kwa 8. Limepita usawa wa lenta. Limesimama hapo bila paa, na mvua inayotufukuza bandani ndiyo hiyo hiyo inayolila boma: tope la kujengea linasombwa, na kozi za juu upande wa magharibi zimeanza kuachia. Fundi anasema halitavumilia masika nyingine nyingi.

Mheshimiwa, darasani tuna daftari la ahadi. Mwanakikundi akiahidi jambo linaandikwa pamoja na tarehe, na tarehe ikifika linasomwa mbele ya wote. Kwa utaratibu huo huo tumeandika ahadi za wageni wetu. Mgeni wa kwanza aliahidi bati zote, akapigiwa makofi na kuimbiwa. Wa pili aliahidi mbao na kututaka tupeleke makadirio. Tuliyapeleka, tukaambiwa yameletwa nje ya muda. Wa tatu alisema jambo hili ni dogo sana kwake. Hatumlaumu mtu, kwani viongozi wana mengi. Ila vijana wanaposomewa ahadi zao mbele ya watu, huuliza na hizi nyingine zinasomwa lini.

Hatuombi mkopo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri tunaijua: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Tulifurahi iliporejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa 2023, na tutaiomba kwa ajili ya biashara zetu. Lakini mkopo ule ni wa kuzalisha mali. Haupaui jengo.

Tunachoomba ni bati 70 za geji 28, mbao za kenchi na kofia za paa. Makadirio ya fundi ni shilingi milioni 4 na laki 6. Misumari tumeshanunua, ufundi tutaulipa wenyewe, na laki 9 zipo kwenye akaunti ya kikundi kwa kazi hiyo tu. Usipoweza vyote, tunaomba utuambie leo utaweza kipi na kwa tarehe ipi, tuandike hiyo. Hata ukisema huwezi tutakushukuru, ili tutafute njia nyingine kabla ya mwezi wa tatu.

Kabla ya chakula tunaomba ukalitembelee boma. Liko nyuma ya soko, na fundi anakusubiri pale na makadirio yake.

Karibu sana, Mheshimiwa.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi