Mwanangu, kuhusu ule usiku wa Pugu

Zuhura mama,

Nakuandikia mana kwenye simu nikianza tu kukuuliza ya msituni unasema mtandao unakata.

Siku ile nilivyong'ang'ania twende wote ulidhani nakulinda, kumbe nilitaka nione mwenyewe nini kinakurudisha Gongo la Mboto alfajiri una matope mpaka kwenye nyusi. Majirani wananiuliza binti anasomea nini, nikisema popo wanacheka, mama wa genge akaniambia kabisa mzee huo ni uchawi. Watu yule jini popobawa hajawatoka kichwani, ile 1995 Unguja na Pemba si watu walikuwa wanalala nje.

Basi giza likaingia, popo wakaanza kutoka kwenye yale machimbo ya zamani ya kaolini, wengi, kama moshi, na nyie na zile nyavu nyembamba hata sizioni, kila baada ya muda mfupi mnaenda kukagua asije akajinyonga popo aliyenasa. Ukamtoa mmoja, ukamtia kwenye mfuko wa kitambaa ukampima uzito, alafu ukalimulika bawa kwa nyuma na tochi ukasema huyu bado mtoto baba, ona viungo vinapitisha mwanga, mfupa haujafunga. Nikaona vidole. Vidole kabisa, na gumba limebaki nje na kucha yake! Mi siku zote nilijua bawa ni bawa. Na lile la popo kunya kwa mdomo nalo nimelibeba toka utotoni, kumbe wale wa matunda wanafyonza maji wanatema makapi, kama sisi na muwa tu.

Kwaiyo kazi yako nimeikubali, na mama wa genge nimeshamjibu. Ila kuna kitu nilikiona nikanyamaza kwasababu wenzako walikuwepo. Ulivua glavu moja ili umpime mkono vizuri, akakung'ata, ukamwagia maji ya chupa kidogo ukasema kawaida baba. Kawaida ya nani? We mwenyewe ndo ulinifundisha kidonda cha popo kinaoshwa kwa maji na sabuni dakika 15 alafu unaenda hospitali, mana kichaa cha mbwa kikishaanza dalili hakuna dawa. Na barakoa ilikuwa kidevuni muda wote unapiga stori. Kagera 2023 tulisikia wote habari za Marburg, na ukaniambia wapo popo wa mapangoni wanabeba kile kirusi wala hawaumwi, sasa we unataka nani akukumbushe, mimi dereva mstaafu?

Ijumaa mbalamwezi inakuwa kubwa, ulisema siku hizo nyavuni hawaingii wengi. Basi usiende, njoo nyumbani mama yako anapika samaki wa nazi. Na uje na kadi ya chanjo, niisome mwenyewe, miwani ninayo.

Baba yako