Ripoti ya mwenyekiti 2025: hijabu, daku na yale majina wanaitwa watoto

Assalaam alaykum wanachama wote, na nyinyi wazazi na walimu ambao si Waislamu lakini mko nasi tangu mwanzo, hamjambo. Mambo ya pesa atawasomea mweka hazina, mimi nasema kazi yetu ya kutetea watoto Waislamu mashuleni ilivyokwenda, na kwa hijabu mnivumilie nitakaa sana maanake ndiyo iliyotula mwaka mzima.

Kila shule tukiingia tunaambiwa ati korti ilishakataza hijabu 2019, mambo yakaisha. Si kweli jamani. Ile kesi ilitoka Isiolo, shule ya St Paul's Kiwanjani ambayo mfadhili wake ni kanisa la Methodist, na Mahakama Kuu 2015 ikakataa hijabu, Mahakama ya Rufaa 2016 ikakubali, alafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikafuta uamuzi wa Rufaa kwa sababu ombi la upande wa hijabu liliingizwa kwenye kesi kwa njia isiyofaa kisheria. Ni hayo tu. Hawakusema hijabu imepigwa marufuku Kenya nzima, tena walihimiza bodi ikae na wazazi waziangalie zile sheria za yunifomu, na Jaji Ojwang hata hakukubaliana na wenzake. Na kifungu cha 32 cha katiba kiko palepale, kinasema mtu asinyimwe nafasi kwenye taasisi sababu ya dini yake.

Hayo tuliyaandika kwenye karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, tukawa tunaiacha kila ofisi tunayoingia. Kuna shule moja ya bodingi, jina silitaji, wasichana walikuwa wanavuliwa mitandio getini na wanaovua ni maprifekti, yaani mtoto anamvua mtoto mwenzake na mwalimu amesimama pale anatazama. Tulikaa na bodi mara kadhaa, wengine walikuwa wakali sana mwanzo, mwisho wakakubali mtandio wa rangi ya yunifomu bila mapambo. Mimi nikang'ang'ana iandikwe kwenye sheria za shule na ipigwe muhuri. Wenzangu kwenye kamati waliniona msumbufu lakini mnajua wenyewe, mwalimu mkuu akipata transfa, anayekuja anasema yeye hakuahidi mtu kitu na nyinyi mnaanza tena sifuri.

Ramadhani ilianguka Machi, katikati ya muhula wa kwanza. Shida kubwa ilikuwa daku, hakuna mpishi anayetaka kuamshwa saa tisa usiku na kusema kweli simlaumu. Shule zilizofaulu ni zile zilizokubali chakula kiwekwe kwenye hotpot tangu jioni na mwalimu wa zamu akabaki na ufunguo. Futari nayo inagongana na prepu, yaani masomo ya jioni, hiyo ilitatuliwa kwa kusogeza prepu dakika chache kwa wanaofunga, basi, haikugharimu shilingi. Mwalimu wa michezo aliyekuwa anawakimbiza raundi watoto waliofunga tumezungumza naye, ameelewa.

Sasa hili la majina linaniuma. Mtoto akikosea anaitwa Al-Shabaab, darasa linacheka, na kuna walimu wanacheka pia. Aprili hii imetimia miaka 10 tangu Al-Shabaab washambulie Garissa, watu 148 waliuawa pale chuoni, na hao watoto wa kidato cha pili walikuwa wadogo hata shule hawajaanza vizuri, wanalipishwa deni gani? Kwenye semina ya walimu nilimtaja marehemu Salah Farah, mwalimu Mwislamu aliyekuwa kwenye lile basi la Mandera lililoshambuliwa na Al-Shabaab Desemba 2015, abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo, akapigwa risasi na akafariki Januari 2016. Walimu wengi mle ndani hawakuwa wanamjua! Tumependekeza shule ziwe na kitabu cha kuandika matusi ya dini, yawe yametoka kwa mwanafunzi au mwalimu, na kiwe kwa deputi, kisiwe kwa mwalimu wa darasa ambaye mara nyingine ndiye mwenye utani. Na hapa niseme wazi, kitabu ni cha kila mtoto, kama wa kwetu wanamtania Mkristo nao waandikwe.

Kupata walimu wa IRE, somo la dini ya Kiislamu, hatukufanikiwa. Bado kuna watoto wetu wanafanya CRE, la Kikristo, kwa sababu hakuna wa kuwafundisha, na bodi zinasema hazina pesa za kuajiri. Tumeandika barua, majibu hakuna.

Mwakani Ramadhani inatarajiwa kuanza katikati ya Februari na shule zinafunguliwa Januari, kwa hivyo barua za daku na prepu lazima ziwe mezani wiki ya kwanza ya muhula. Wawakilishi wa kila shule nitumieni majina ya bodingi zenu kwenye grupu ya WhatsApp kabla ya mwisho wa Desemba, na tafadhali tena tafadhali, msinitumie vois za dakika kumi.