Mwanangu, mchana unakula nini?

Mikindani, Jumapili jioni

Mwanangu,

Assalam aleykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu. Barua hii utaikuta ndani ya kiroba, chini ya mfuko wa dagaa. Nimeiandika kwa sababu simu zako zimenichosha. Nikikuuliza hali unasema "niko poa mama", nikiuliza kazi unasema "kawaida tu", kisha mtandao unakatika. Huo mtandao wa Dar es Salaam una akili sana, unakatika kila nikifika kwenye swali la chakula.

Mama yako mdogo aliyekuja huko arusini kanieleza. Kwamba umekonda mpaka gauni la Idi linakuning'inia. Kwamba Jumapili jioni kichwa kinaanza kukuuma kwa sababu kesho yake ni Jumatatu. Kwamba siku moja ulilia chooni ukanawa uso ukarudi kupokea simu za wateja. Na kwamba mchana huli, unabaki hapohapo kitini unabugia andazi na soda, maana ukitoka foleni ya wapigaji inarefuka na msimamizi anaandika. Hilo la kulia limeniuma, ila watu wazima wanalia na maisha yanaendelea. Hilo la andazi ndilo lililoninyima usingizi. Mwanangu, mchana unakula nini?

Huku mtaani wanajua umekaa kwenye kiyoyozi unakula kuku. Jirani yetu wa genge anaapa kwamba alipiga huduma kwa wateja ukapokea wewe, sauti akaijua palepale, na tangu siku hiyo kila anayekuja kununua nyanya lazima asimuliwe. Mimi sikatai wala sikubali. Naringa kimyakimya. Lakini nikamfikiria yule bibi mwenyewe: kwa siku anapiga mara ngapi kuuliza salio lake limekwenda wapi? Na asiporidhika na jibu, mdomo wake unaujua. Kama wa aina yake wanakupigia kutwa nzima, halafu unatakiwa uwajibu kwa sauti ya asali, basi nimeelewa kichwa kinaumia nini.

Kazi mbaya naijua. Usigune, sitakurudishia habari za kiwanda cha korosho, ile harufu unaikumbuka kwenye kanga zangu. Nataka kukwambia ambalo hukuliona kwa kuwa ulikuwa huingii ndani: siku ya kazi ilikuwa inaishaje.

Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Usipojipaka mafuta ya nyonyo mikononi ngozi inababuka, na hata ukijipaka, vidole vinakuwa vyeusi. Mguu unakanyaga mashine ya kubangulia, mkono huu unaweka korosho kwenye kisu, mkono huu unachokoa punje itoke nzima, kwa sababu ikivunjika bei inashuka, na malipo ni kwa kilo. Asubuhi mpaka jioni. Kukaa pale hakuna aliyekupenda, tusidanganyane. Ila waliodumu, niliwatazama sana, kila mmoja alikuwa na kitu chake kidogo cha kumfikisha jioni.

Aliyekuwa anakaa kulia kwangu alikuwa anakuja na viua vya asumini. Anavifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo kabisa. Ikifika saa nne analegeza fundo, ananusa, ananisogezea na mimi, anafunga tena, anaendelea kubangua. Mchana vimeshanyauka, ananusa hivyohivyo. Nilimuuliza siku moja vinamsaidia nini, akanijibu kwamba humo ndani kila kitu ni cha mwenye kiwanda, hata jasho lake, isipokuwa lile fundo. Mwingine kazi yake ilikuwa kumwigiza mnyapara anavyotembea, kifua mbele, funguo zinalia kiunoni. Tulikuwa tunacheka mpaka punje zinavunjika na tunakatwa, na tulikuwa radhi kukatwa. Mimi nilikuwa na chupa yangu ya chai. Tangawizi, sukari isiyo na ubahili, na kikombe changu cha bati chenye maua mekundu, kile alichokuja kukivunja mpini kaka yako. Saa tatu asubuhi ilikuwa inapita kwa sababu saa nne kuna chai. Ndiyo siri yote, hakuna nyingine.

Chakula cha mchana mimi nilikuwa napitiliza, nifikishe kilo. Vidonda vya tumbo unavijua na dawa unanunua wewe, kwa hiyo hapo sina la kuongeza.

Sasa sikiliza. Baba yako mdogo, si unajua alivyo na sheria zake, nilimsimulia akaenda ndani akatoka na miwani. Kasema ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na imeandikwa mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Sitini, siyo kumi na tano za kwenda chooni na kurudi mbio. Na likizo ya mwaka siku 28. Wewe yako umeichukua lini? Sikwambii uende ukagombane. Nakwambia saa hiyo ni yako, mtu asikufanye uone unaiba. Vua hivyo vya masikioni, acha kiti, teremka ngazi, toka nje. Akina mama ntilie hawajaisha hapo Posta kazini kwako. Kaa kwenye benchi, agiza wali maharage na mchicha, ukipata samaki alhamdulillahi, na simu uiache mkobani. Kula huku unatazama watu wanapita. Ukila mbele ya ile kompyuta tumbo linajua liko kazini.

Na bahari. Hili nakulaumu waziwazi. Mtoto wa Mikindani, umezaliwa maji yanagonga ukuta, leo unamwambia mama yako mdogo hujaiona bahari tangu Idi, na kutoka Posta mpaka Feri ni mwendo wa miguu! Ijumaa ukitoka kazini usikimbilie daladala na ule msongamano. Nenda pale Feri, simama, tazama pantoni linavyovuka kwenda Kigamboni na watu wanavyogombea pweza. Haitozwi hela. Ukirudi nyumbani usiku ni usiku tu, hakuna anayekusubiri na mwiko.

Kwenye kiroba nimekutilia korosho kilo mbili, za kwetu, nimezibangua mwenyewe na kuzikaanga kwa chumvi. Nyingi ni nzima, mkono bado haujasahau. Usizimalize siku moja na wenzio mbele ya televisheni. Weka kidogo kwenye kikopo, kaa nacho mezani. Mteja akikutukana, ukishakata simu, korosho moja. Itafune taratibu mpaka iishe ndipo upokee mwingine. Kama siku imekuwa mbaya sana kikopo kitakwisha mapema na utakuwa na haki ya kuwachukia wote, lakini angalau umekula kitu. Siyo badala ya chakula cha mchana lakini. Nimekuona unavyofikiri.

Nimeweka pia kanga moja. Ni nusu ya doti, nusu nimebaki nayo. Mama yako mdogo anasema hicho kiyoyozi chenu kinapuliza miguuni kutwa na wewe unakaa unatetemeka kama kuku wa mvua. Jifunike magoti chini ya meza, wateja hawakuoni. Na ununue chupa ya chai, ndogo tu. Kikombe cha ofisini kinachonywewa na kila mtu achana nacho, tafuta chako, uchague mwenyewe, na asikiguse mtu.

Raha za kununua nina neno nazo. Ile simu ya mkopo. Najua ulikuwa na huzuni siku uliyoichukua, na najua ilikufurahisha wiki ya kwanza. Sasa kila mwezi inakula mshahara, na ukifikiria kuacha kazi unaikumbuka, unakaa. Kitu cha kukupunguzia uzito wa kazi kikikufunga kwenye kazi hiyohiyo, hapo umelipa mara mbili. Mimi nani wa kusema, mwaka 2018 ilipotangazwa korosho ni 3,300 kwa kilo nilichukua bati kwa mdomo kabla shilingi haijaingia, na mwenye duka alinipa usumbufu mpaka nikawa napita njia ya nyuma. Malizia deni hilo, halafu jingine usichukue.

Kuhusu kuacha. Mwaka jana uliponiambia unataka kuacha, nilikwambia kazi haziokotwi na watu wangapi wanaitaka hiyo yako. Maneno hayo niliyasema wiki ambayo shule ilikuwa imemrudisha mdogo wako kwa michango. Uyapime hivyo. Mdogo wako sasa amemaliza mtihani wa kidato cha nne, hadaiwi na mtu, kazi yake kulala na kuuliza mlo. Kwa hiyo ukianza kutafuta pengine, tafuta, mimi sitasema kitu. Ila tafuta huku umeshika hiyo, na huku unakula.

Tena kuna mambo hayatibiwi kwa chai wala asumini, tusije tukachanganya. Mtu akikushikashika, au mshahara ukikatwa kisa hakijulikani, au ukifika mahali unaamka unatamani ungeumwa ili usiende, usianze kuhesabu korosho hapo. Hapo nipigie usiku wowote, au panda basi uje. Chumba chako mdogo wako kakijaza makorokoro yake lakini kitafagiliwa siku moja.

Habari za huku ni nzuri na si nzuri. Korosho zetu tumezipeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, zimepimwa, tunasubiri fedha za mnada zisome benki. Mikorosho ya kule bondeni haikuzaa vizuri, dawa ya salfa ilichelewa kupulizwa na ugonjwa wa ubwiri unga ukawahi maua. Baba yako mdogo anasema ni mimi niliyechelewesha kununua, mimi nasema ni yeye aliyechelewa kutengeneza bomba la kupulizia, na kesi hiyo haijaisha. Paa la jikoni linavuja upande wa jiwe la kusagia. Nikipata hela nabadilisha bati mbili, siyo zote. Yule mbuzi mwenye pembe moja kazaa pacha. Mdogo wako anataka simu, usimpe. Akikupigia na ile sauti yake ya unyonge, mwambie azungumze na mimi kwanza.

Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, sijakuwekea ingawa najua utaitafuta kiroba kizima. Safari ni kilomita mia tano na zaidi, joto hili, ingefika imechacha. Nitakuletea mwenyewe mvua zikikaa sawa, maana sitaki kukwama njiani kama walivyokwama wenzetu Mei 2024 barabara ilipokatika kule Somanga. Dagaa wamekauka, lakini waanike tena juani kidogo ukiwapokea. Mabibo makavu, yale matunda ya mkorosho, yapo kwenye mfuko mweusi, yaloweke kabla ya kula. Kondakta nimeshamlipa, asikudai tena hata akikunja uso. Uwahi Mbagala, mzigo ukishushwa na hakuna mtu anaupeleka anakojua yeye.

Jumatano saa saba na nusu mchana nitakupigia. Nimeichagua makusudi. Nataka nisikie kelele za nje, magari, watu, sufuria za mama ntilie. Picha ya sahani usinitumie, mdogo wako kanionyesha picha za vyakula zinavyookotwa mtandaoni. Mpe simu huyo mama ntilie, nitamsalimu na nitamuuliza mwenyewe umekula nini na umebakiza kiasi gani.

Bibi yako anakusalimu sana. Anauliza ile dawa yake ya macho, ya chupa ndogo yenye kifuniko cheupe, siyo uliyoleta mara ya mwisho, ile ilimwasha. Ukiipata mpe mama yako mdogo, anarudi huku Alhamisi. Na kiroba usitupe, mpe yeye huyohuyo arudi nacho.

Mama yako