Muuguzi mwenye GPA chini ya 3.0 aanze na cheti cha kidato cha nne

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na maofisa wauguzi wasaidizi wa mkoa wa Tabora, hasa walio kwenye zahanati na vituo vya afya vya Kaliua, Sikonge na Uyui. Kila mwaka dirisha la udahili likifunguliwa wengi wao huomba shahada ya uuguzi, hulipa ada ya maombi kwenye vyuo vitatu au vinne, kisha hukosa vyote. Lawama yote huangushiwa GPA, yaani wastani wa pointi za matokeo ya chuo. Sisi tunaofundisha kada hii tunaona GPA inabebeshwa hata makosa yasiyo yake.

Sharti lenyewe ni hili. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unamtaka mwenye stashahada awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Hiyo 3.0 ni ya kipimo cha pointi 5, yaani ngazi ya 6 ya tuzo za ufundi (NTA), ambayo ndiyo stashahada, ambako A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Ngazi ya 4 na ya 5 hupimwa kwa pointi 4, kwa hiyo anayejivunia 3.2 ya astashahada asidhani ameshavuka. Na 2.9 ni 2.9, hakuna wa kuisukuma ifike 3.0. Wale wa stashahada za zamani, ambazo nakala zake za matokeo hazina GPA, wao waangalie hicho kipengele cha wastani wa B.

Kwa aliyekwisha kutunukiwa, GPA haibadiliki. Hakuna chuo kitakachomrudisha kurudia moduli (somo) aliyofaulu ili apandishe alama. Aliye bado darasani ana nafasi, na ajue kinachoiangusha GPA ni sapu: ukifaulu kwa mtihani wa marudio, hata ukipata alama za kutisha, utaandikiwa C, yaani pointi 2. Tena moduli hazina uzito sawa, na uzito huo hupimwa kwa krediti. Tuseme umepata C kwenye moduli ya krediti 20 na A kwenye moduli ya krediti 6. Zidisha 20 kwa 2 upate 40, na 6 kwa 5 upate 30. Jumla 70, gawanya kwa krediti 26, jibu ni 2.69. Mwenzako aliyepata B zote mbili ana 3.0 kamili. Wanafunzi wanakesha na vimoduli vyepesi kwa sababu A yake inapatikana haraka, huku moduli nzito za wodini wakiziendea kwa mazoea.

Sasa tuje kwenye kidato cha nne, maana hapa ndipo watu wanapopotelea. Kuingia stashahada ya uuguzi kunahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza tu. Kwa hiyo mtu mwenye F ya Hisabati anasoma uuguzi, anafaulu, anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, anafanya kazi miaka kumi, na hakuna anayemuuliza. Siku anapoomba shahada, chuo kinataka angalau D katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Mwenye GPA ya 3.8 na F ya Hisabati anakataliwa sawasawa na mwenye 2.8. Ndiyo maana tunashauri kabla ya kuililia GPA, toa kile cheti kwenye bahasha ukisome upya.

Dawa yake ni kurisiti, na huhitaji kurudia masomo yote. Unajisajili kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea kwa somo linalokukwamisha. Usajili huanza Januari na kufungwa mwishoni mwa Februari. Baada ya hapo kuna faini, kisha mlango unafungwa mpaka mwaka unaofuata. Mtihani ni Novemba. D ya Baraza la Mitihani (NECTA) inaanzia alama 30. Karatasi ya Hisabati ina maswali 10 ya alama 6 kila moja katika sehemu A, na maswali 4 ya alama 10 katika sehemu B. Maswali matano ya sehemu A ukiyajibu kikamilifu tayari una 30. Muuguzi anayekokotoa matone ya dripu kila siku hashindwi takwimu, seti, uwiano na hesabu za biashara. Kinachowaangusha ni kuanza kujisomea Oktoba, na kung'ang'ana na mada ngumu ilhali wanachohitaji ni D.

Cheti kikiwa safi, ndipo tuzungumzie GPA iliyo chini ya 3.0. Njia inayotambuliwa na TCU ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo wengi huiita "faundesheni". Humpokea mwenye stashahada yenye GPA isiyopungua 2.0, na inachukua mwaka mmoja. Ili ikufikishe kwenye shahada, lazima uimalize na GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wako. Mikondo ni sanaa, biashara na sayansi. Muuguzi achague sayansi. Tumeshuhudia watu wakikimbilia sanaa kwa kuwa ni nyepesi, wakafaulu vizuri, kisha wakagundua cheti chao kinawapeleka kwenye sosholojia. Kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria kipo hapa Tabora, kwa hiyo hili halihitaji mtu kuhamia Dar es Salaam.

Lakini usilipe hata shilingi kabla ya kusoma mwongozo wa TCU wa mwaka husika. Kila programu ina safu yake ya sifa linganifu, yaani za wasiopitia kidato cha sita, na vyuo havifanani: kimoja kitaitaja kozi ya msingi waziwazi, kingine kitataka stashahada ya 3.0 na basi. Piga simu ofisi ya udahili ya vyuo viwili au vitatu unavyovitaka, wala usiishie Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili (MUHAS) peke yake. Kwa watu wa huku kuna Bugando kule Mwanza na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kumbuka pia kwamba kufikia kiwango cha chini kunakupa haki ya kushindanishwa tu, na programu yenye waombaji wengi huchukua wa juu kwanza.

Njia nyingine ni kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hapo unahitaji pointi 6, kwa mfano C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia, na lazima uwe na krediti tatu za kidato cha nne, yaani masomo matatu yenye C au zaidi, ili usajiliwe. Kwa mtu anayeingia zamu za usiku hatuipendekezi. Maabara peke yake ni kikwazo tosha.

Makaratasi nayo yana mitego. Mwenye stashahada haombi chuo bila namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), maarufu AVN. Namba hiyo haitoki kama chuo chako hakijawasilisha matokeo, au kama jina la cheti cha kidato cha nne halilingani na la stashahada. Herufi moja iliyozidi inatosha kukukosesha mwaka. Fuatilia Machi au Aprili, si wiki ambayo dirisha linafungwa. Na yule anayekuahidi "kukuingiza" kwa malipo ya pembeni ni kishoka. Vyuo hupokea maombi moja kwa moja kutoka kwa mwombaji.

Kwa mwajiriwa wa serikali, jina liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla ya kuripoti chuoni. Anayeondoka bila ruhusa ya maandishi huhesabiwa mtoro na mshahara husimamishwa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo asiutegemee, kwani mwenye ajira rasmi hana sifa.

Wanaoota ubingwa, iwe uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili au ukunga na afya ya wanawake, ambazo zote zinafundishwa MUHAS kwa ngazi ya uzamili, wajue shahada ya kwanza itahesabiwa upya. Huko kiwango cha kawaida ni GPA ya 2.7, baada ya mwaka wa utarajali na usajili wa Baraza. Anayeingia shahada kwa mlango wa faundesheni ajiandae hasa kwa mwaka wa kwanza, wenye anatomia, fiziolojia na biokemia. Ndiko GPA nyingi zinakovunjikia, na ndiko msingi wa sayansi wa mtu aliyekaa kazini miaka mingi unakopimwa.

Mwisho tuna ombi kwa waganga wakuu wa wilaya na maofisa utumishi. Mipango ya mafunzo hubandikwa ubao wa makao makuu ya halmashauri, mahali ambapo muuguzi aliye peke yake zahanatini hafiki. Itumeni kwa wafawidhi wa vituo mwezi Desemba, ili anayehitaji kurisiti au kuanza kozi ya msingi aipate kabla usajili wa NECTA haujafungwa.

Wakufunzi wa uuguzi,
Tabora