Mama asisubiri tarehe ya kliniki

Zuu shoga yangu,

Meseji yako ya jana nimeisoma saa tano usiku na usingizi ukaisha hapo hapo, maana umesema tangu mama achomwe kemo, ile dawa ya saratani, anaamka kila baada ya nusu saa kwenda chooni, mkojo unamuunguza na leo una rangi ya damu, na shangazi anasema ni baridi ya sakafuni. Sio baridi Zuu. Umenipigia picha karatasi na nimeona imeandikwa saiklofosfamaidi, na hiyo dawa naijua, ndo hiyo hiyo tunayoitumia maabara kuwapa panya ugonjwa wa kibofu.

Iko hivi, dawa ikifika kwenye ini inavunjwa na inatoa kitu kinaitwa akrolini, figo zinakitoa na mkojo, sasa mkojo ukikaa kwenye kibofu kile kitu kinakaa hapo kinachoma ngozi ya ndani. Panya anachomwa tumboni miligramu 150 kwa kilo, mara moja tu. Kibofu cha panya mzima ni kidogo kama harage na chembamba mpaka mwanga unapita, lakini cha huyu ukimfungua baada ya siku moja mbili ni chekundu, kizito, kimevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki, mara ya kwanza kukiona niliweka mkasi chini kwanza.

Ila kuvimba ndo kunaonekana kwa macho, mi kinachonishika ni protini. Tunasaga kile kinyama tunapima, ile michirizi kwenye jeli tunayotenganishia protini inakuambia yenyewe. Uroplakini, protini zile zinazokaa kama vigae ndani ya kibofu zisiruhusu mkojo upenye, zinapungua. COX-2, kimeng'enya kinachochochea uvimbe na maumivu, inapanda, na NGF, protini inayolisha neva, nayo inapanda, na ikipanda inazichokonoa neva ndogo za maumivu ambazo kwa kawaida zimelala tu, zina vipokezi vya TRPV1, hivyo hivyo vinavyokufanya uhisi pilipili inawasha. Kwa hiyo kibofu kikipata mkojo kiduchu neva zinapiga kelele kama kimejaa. Kwenye mashine tunamwingizia panya maji pole pole na mrija, wa kawaida mstari wa presha ya kibofu unakaa chini muda mrefu ndo unapanda mara moja, mgonjwa unapanda, unashuka, unapanda tena hata hajajaa. Margaret Vizzard wa Chuo Kikuu cha Vermont kule Marekani na wenzake waliizuia hiyo NGF kwa panya waliopewa dawa hii na kibofu kikatulia kwa kiasi kikubwa, ndo ujue haitoki hewani.

Kwa hiyo mama hadekezi, asiambiwe ajikaze, kibofu chake kimebadilika kweli.

Kesho asubuhi mpeleke, mwambie daktari neno kwa neno kuhusu damu, na umuulize kuhusu mesna, ni dawa inayoikamata akrolini ndani ya mkojo isichome, inaweza kutolewa pamoja na dozi zinazofuata. Muulize pia kama anaruhusiwa kunywa maji mengi, na akibanwa asizuie mkojo hata kidogo. Dawa ya saratani msiikatishe wenyewe, hilo nakuomba sana.

Nikitoka maabara saa kumi na moja nakupigia, uwe na hiyo karatasi mkononi unisomee dozi, kwenye picha imekatwa. Mwambie mama namsalimia.